Maswali ya Wasomaji: Spika ya Kati ya Kujitengenezea

Safu yote ya toleo hili tumeiachia spika moja: ile inayokaa katikati, chini au juu ya televisheni, yenye kazi ya kutoa maneno ya waigizaji. Barua tumezifupisha, na zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

SWALI: Shikamooni mafundi. Nina spika mbili za mbele na sabufa. Milipuko naisikia, magari nayasikia, ila watu wakizungumza inabidi niongeze sauti, kisha muziki ukiingia nyumba nzima inaamka. Nimeambiwa dawa ni kutengeneza spika ya kati. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Kabla hujanunua hata ubao, fungua menyu ya risiva, yaani amplifaya inayoendesha spika zako zote, uangalie sehemu ya spika. Kama pameandikwa kwamba spika ya kati ipo ilhali hakuna, risiva inapeleka maneno kwenye vituo vya waya vilivyo vitupu, nawe unabaki na muziki na vishindo vya pembeni. Ikishaambiwa haipo, itayagawa maneno sawasawa kushoto na kulia, na ukikaa katikati utasikia kana kwamba mtu anazungumza kutoka kwenye kioo chenyewe.

Spika hiyo ya kimzuka ina kasoro mbili, na hizo ndizo sababu za kutengeneza ya kweli. Kwanza, inamfaa mtu mmoja. Aliyekaa mita moja kushoto anamsikia mwigizaji akizungumza kutoka spika ya kushoto, maana sikio huamini sauti iliyotangulia kufika. Pili, hata huyo wa katikati, kila sikio lake linapokea neno lile lile mara mbili: kutoka spika ya upande wake, na robo milisekunde hivi baadaye kutoka spika ya upande wa pili. Nakala hizo mbili hupunguzana karibu na 2,000 Hz (mitetemo 2,000 kwa sekunde), mahali ambapo konsonanti nyingi zinategemea kusikika.

Jambo jingine ni chumba. Simama katikati yake upige kofi moja. Ukisikia mlio mkali unaotetemeka baada ya kofi, tandika zulia na utundike pazia zito kwanza. Spika nzuri kwenye chumba kitupu bado itameza maneno.

SWALI: Spika zangu za mbele nilizitengeneza mwenyewe, wufa (ya sauti nzito) moja ya inchi 5 na twita (ya sauti nyembamba) moja, na bado ninavyo vipuri vya kutosha spika ya tatu. Naweza kutumia boksi lile lile kwa spika ya kati, au lazima iwe ndefu ya kulala?

JIBU: Tumia lile lile, lisimamishe wima, na majibu mengine yaliyobaki kwenye ukurasa huu unaweza kuyaruka. Hakuna spika ya kati inayoshinda ya tatu iliyo pacha wa mbili zilizopo. Gari likipita kutoka kushoto kwenda kulia halitabadilisha mlio likifika katikati. Spika ya kati hulazwa kwa sababu ya kimo cha televisheni tu, si kwa sababu ya sauti. Wenye projekta na pazia lenye vitundu vya kupitisha sauti huweka spika tatu zinazofanana nyuma ya pazia, na hapo mjadala huisha.

SWALI: Nimepanga kuweka wufa mbili za inchi 5, moja kila upande, na twita katikati, kama spika za kati ninazoziona madukani. Mwenzangu anasema muundo huo una tatizo. Lipi, wakati kila kampuni inautumia?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi. Muundo huo umeenea kwa sababu unapendeza chini ya televisheni na unaonekana umelingana kulia na kushoto. Tatizo lake halimpati aliyekaa katikati. Linampata aliyekaa pembeni, yaani yule yule tuliyesema spika ya kati inajengwa kwa ajili yake.

Tufanye hesabu. Wufa zako zikiwa na sentimita 26 kutoka kitovu hadi kitovu, mtu aliyekaa mita 3 mbele yake, sawa na twita, yuko umbali mmoja na zote mbili. Mhamishe mita 1 kulia. Sasa wufa ya kulia iko mita 3.12 kutoka kwake na ya kushoto iko mita 3.21, tofauti ya sentimita 8 na kidogo. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kwa masafa yanayokaribia 2,100 Hz wimbi lina urefu wa sentimita 16.4, na sentimita 8.2 ni nusu yake. Maana yake ni kwamba msukumo wa wufa moja unamfikia mtu huyo wakati ule ule mvuto wa nyingine unapofika. Zinafutana. Mhamishe zaidi, hadi nyuzi 30 kutoka katikati, na shimo linashuka karibu na 1,300 Hz, ambako twita bado haijaanza kazi ya kuweza kulijaza.

Mtu huyo hasemi kwamba kuna shimo kwenye sauti. Anasema, "Amesemaje?"

Dawa ziko kadhaa. Ya kwanza ni kuzileta wufa karibu kwa kutumia twita yenye fremu ndogo. Hiyo inalisogeza shimo juu, hailiondoi. Ya pili ni kuweka wufa ndogo ya sauti za kati, ya inchi 3 au 4, twita ikiwa juu yake moja kwa moja, na wufa kubwa mbili za pembeni zikiishia karibu na 400 Hz. Huo ndio muundo bora wa spika ya kulala, lakini krosova yake, yaani vipuri vinavyogawa masafa kati ya wufa na twita, inahitaji koili za zaidi ya milihenri 3 na kapasita za makumi ya mikrofaradi, na boksi linapanda kimo. Kwa anayetengeneza kwa mara ya kwanza ni mzigo.

Sisi tunakupendekezea ya tatu, inayoitwa njia mbili na nusu. Boksi linabaki lile lile la wufa, twita, wufa. Wufa A inafanya kazi hadi inapokutana na twita. Wufa B inakatwa mapema, kuanzia 500 Hz hivi, kwa koili moja tu. Kwa 500 Hz wimbi lina urefu wa sentimita 68 na zaidi, hivyo tofauti ya sentimita 8 au hata 13 haina madhara ya kutajwa. Kutoka hapo kwenda juu, wufa B inanyamaza polepole na shimo linafunikwa kwa kiasi kikubwa. Na kuna faida ya ziada. Sauti za chini huzunguka boksi jembamba na kupotelea nyuma, kwa hiyo spika ya wufa moja husikika nyepesi. Wufa B inarudisha kilichopotea.

SWALI: Nipeni vipimo kamili vya boksi: ukubwa, mbao, mpangilio. Wufa zangu zina Fs 50 Hz, Qts 0.40, Vas lita 12. Na je, niweke tundu la kutolea hewa?

JIBU: Tundu usiweke. Spika ya kati mara nyingi huishia ndani ya kabati au karibu na ukuta, ambako tundu la nyuma huziba na la mbele huvuma. Pia risiva ikikata besi kwa 80 Hz huikata kwa mteremko wa desibeli 12 kwa oktavu, yaani kila masafa yanaposhuka nusu. Boksi lililofungwa lina mteremko wake wa desibeli 12, jumla 24, sawasawa na mteremko wa upande wa sabufa. Mambo yanaungana bila mshono. Mfumo wa THX wa nyumbani (viwango vya sauti ya sinema) umejengwa juu ya hesabu hiyo hiyo.

Ukubwa unautafuta hivi, kwa namba ulizotaja: Fs ni masafa ambayo koni hutetemeka yenyewe, Qts ni kipimo cha jinsi mtetemo huo unavyotulizwa, na Vas ni ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa mning'inio wa koni. Gawanya 0.707, kipimo tunachokilenga wufa ikiwa ndani ya boksi, kwa Qts: unapata 1.77. Zidisha kwa lenyewe: 3.12. Toa 1: 2.12. Gawanya Vas kwa hiyo 2.12: lita 5.66. Hiyo ni wufa moja. Mbili zinataka lita 11.3 za hewa halisi. Ukizidisha Fs kwa ile 1.77 unapata 88 Hz, ambapo sauti itakuwa imeshuka desibeli 3. Hapo sabufa inapokea bila shida. Kwa anayesoma huku ana wufa nyingine, afanye hesabu hii kabla ya kununua. Wufa yenye Qts 0.60 na Vas hiyo hiyo inadai lita 31 peke yake, na huwezi kuificha chini ya televisheni.

Juu ya lita 11.3 ongeza nafasi itakayoliwa na vyombo vya ndani: nusu lita kwa kila wufa, nusu lita kwa mbavu mbili za mbao, na nusu lita nyingine kwa krosova na twita. Tunafika karibu lita 13.4. Kwa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 18, kata hivi: mbele na nyuma, vipande viwili vya sentimita 50 kwa 20, juu na chini, viwili vya 50 kwa 17.6, ubavuni viwili vya 16.4 kwa 17.6, na mbavu za ndani viwili vya 16.4 kwa 17.6. Vipande vya ubavuni vinakaa katikati ya cha juu na cha chini, kisha cha mbele na cha nyuma vinafunika. Boksi likikamilika lina upana wa sentimita 50, kimo 20 na kina 21.2. Kila ubavu wa ndani utoboe dirisha la karibu nusu ya eneo lake ili hewa ipite, na uusimamishe kati ya twita na wufa, sentimita 4.5 hadi 6.3 kutoka mstari wa katikati. Usiusogeze zaidi, utagonga kapu la wufa. Twita yako ihakikishe imefungwa nyuma, kama zilivyo nyingi. Iliyo wazi nyuma itasukumwa na hewa ya wufa hadi ife.

Matundu yakate kwa kupima spika yenyewe mkononi, si kwa kusoma karatasi. Twita inatakiwa izame hadi fremu ilingane na uso wa ubao, na hapa wengi hujikwaa: wanatoboa tundu kwanza, halafu wanagundua kwamba kitovu cha kuzungushia ruta (mashine ya kuchonga mbao) hakipo tena. Chonga kwanza duara pana la kuzamisha fremu, kwa kina sawa na unene wa fremu, kwa kawaida milimita 3 hadi 5, ndipo utoboe tundu lenyewe ndani yake. Matundu ya wufa yapunguze ukingo kwa ndani, mshazari wa nyuzi 45, vinginevyo wufa inapumulia kwenye bomba fupi la milimita 18. Acha mbao kamili pale skrubu zitakapopita.

Gundi ya mbao ya kawaida inatosha. Ipake pande zote mbili, bana, futa inayovuja, na uache siku nzima. Kona zote za ndani pitisha silikoni, lakini ile inayonuka siki ina asidi inayokula shaba, basi iache ikauke kabisa na harufu iishe ndipo ufunge spika. Skrubu ya milimita 4 itobolewe njia ya milimita 2.5 hadi 3 kwanza. Ukiilazimisha, MDF inafumuka tabaka kwa tabaka. Vumbi la MDF ni baya kwa mapafu, vaa barakoa ukikata. Na ukitaka kupaka rangi, kingo za MDF hunywa rangi bila kikomo. Zipake kwanza gundi ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, piga msasa, rudia.

Ndani jaza pamba ya poliesta, ile ya mito, gramu 10 kwa kila lita, yaani gramu 110 hadi 120 kwa boksi hili. Ipurure kwa vidole iwe nyepesi. Isishindiliwe, na isiguse koni.

SWALI: Wufa mbili za omu 8 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 4. Risiva yangu imeandikwa omu 6 hadi 16. Itaungua?

JIBU: Kwa muundo huu omu 4 zinaonekana chini ya 500 Hz tu, na risiva ikishakata besi kwa 80 Hz, mzigo mzito zaidi unabebwa na sabufa. Kwa sauti ya kawaida sebuleni mara nyingi risiva itavumilia. Dalili ya kuzidiwa ni kupata moto sana na kujizima wakati wa kishindo kikubwa. Ikijizima mara moja, punguza sauti. Ikirudia, spika hiyo haiifai risiva hiyo. Ukitaka kulala usingizi, tengeneza ya wufa moja na twita, nusu ya boksi, ukubali sauti pungufu. Ile swichi ya omu 4 iliyopo kwenye baadhi ya risiva kwa kawaida hupunguza volti zinazotoka, basi usitarajie nguvu zaidi kwa kuibadili.

SWALI: Krosova ninunue iliyo tayari, imeandikwa 2,500 Hz, au nitengeneze?

JIBU: Tengeneza. Ubao ulio tayari umepigiwa hesabu ya rezista ya omu 8, na spika si rezista. Wufa ya omu 8 inaweza kuonyesha omu 15 kwenye 2,500 Hz kwa sababu ya koili ya sauti iliyomo ndani yake, na krosova ikakata mahali tofauti kabisa na palipoandikwa.

Hivi ndivyo vipimo vya kuanzia. Kwa wufa A: koili ya milihenri 1.0 kwenye njia ya chanya, kisha baada yake kapasita ya mikrofaradi 3.9 kutoka chanya kwenda hasi. Kwa twita ni kinyume: kapasita ya 3.9 njiani, kisha koili ya 1.0 kutoka chanya kwenda hasi. Kwa wufa B: koili moja ya milihenri 2.5 njiani, basi. Chagua yenye kiini cha chuma na ukinzani usiozidi omu 0.4, kwani koili nyembamba inakula besi na kuigeuza joto.

Kila wufa ipewe pia jozi ya kuituliza: rezista ya omu 7.5 na kapasita ya mikrofaradi 8.2 au 10 zikifuatana, zikiunganisha chanya na hasi ya wufa. Hiyo ni kwa wufa yenye ukinzani wa waya wa omu 6 na milihenri 0.5. Kwa nyingine, zidisha ukinzani wa waya kwa 1.25 upate rezista, kisha gawanya henri za wufa kwa mraba wa rezista hiyo upate faradi. Bila jozi hii krosova haikati mahali palipokusudiwa.

Twita nyingi zina sauti kubwa kuliko wufa. Yako ikiwa desibeli 90 na wufa 86, weka rezista ya omu 3 njiani na ya omu 15 sambamba na twita, baada ya kapasita na koili yake. Inashuka desibeli 4 na krosova bado inaona omu 8. Rezista ziwe za wati 10, na zisiguse pamba.

Krosova ya aina hii inataka twita igeuzwe, chanya kwa hasi. Usiliamini hilo kwa maneno, lipime. Cheza sauti ya majaribio yenye masafa yote, weka maikrofoni mita 1 mbele ya twita, na uangalie mchoro kwenye programu ya REW, ambayo ni ya bure. Pima twita ikiwa imegeuzwa, kisha ikiwa haijageuzwa. Moja ya michoro miwili itaonyesha korongo refu karibu na 2,500 Hz. Chukua ile nyingine. Kadiri korongo linavyokuwa refu kwenye mchoro mbaya, ndivyo wufa na twita zinavyokwenda pamoja kwenye mchoro mzuri. Likiwa fupi, badilisha kapasita ya twita, 3.3 au 4.7, upime tena. Anayetaka kubuni kwenye kompyuta kabla ya kushika kichomeo atumie VituixCAD, nayo ni ya bure.

Unapolehemu, koili zisipangwe kama mikate kwenye sinia. Zitenganishe, na moja ilale wakati nyingine inasimama, kwa sababu usumaku wa moja huingia kwenye nyingine. Zikae mbali na sumaku za wufa pia.

SWALI: Spika za kawaida zina sumaku. Je, zitaharibu rangi za televisheni?

JIBU: Zile za zamani zenye kioo cha mgongo mrefu, ndiyo. Za bapa, hapana.

SWALI: Nimemaliza kutengeneza. Muziki safi, lakini sauti ya mwanamume inasikika kama anazungumza ndani ya pipa. Nimekagua krosova mara tatu.

JIBU: Iache krosova kwanza, anza na wufa. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwenye kila wufa kwa nukta moja. Koni zote mbili zitoke nje. Moja ikiingia ndani, waya zake zimegeuka, na besi yote inafutana. Twita usiijaribu kwa betri.

Halafu sukuma koni moja polepole kwa vidole vilivyotandazwa kuzunguka kitovu. Kwenye boksi lililozibwa, koni ya pili itajitokeza nje na kubaki hapo muda wa sekunde moja au mbili, ikirudi taratibu. Ikirudi papo hapo, boksi linavuja. Sikiliza kando ya vituo vya waya na chini ya fremu za spika. Fremu zinahitaji utepe wa sponji chini yake, na wengi huusahau.

Boksi likiwa zima, mshukiwa ni mahali. Litoe kabatini uliweke juu ya kiti katikati ya chumba. Pipa likipotea, basi kabati ndilo linalovuma. Kumbuka wufa B iliwekwa kurudisha sauti inayopotelea nyuma. Ndani ya kabati sauti hiyo haipotei, hivyo umeipata mara mbili, hasa kati ya 100 na 300 Hz ambako sauti ya kiume ina uzito wake. Sogeza uso wa boksi ulingane na ukingo wa rafu au uupite kwa sentimita 1 au 2, jaza sponji nafasi tupu za pembeni na juu, na weka vipande vya mpira chini yake. Bado ikizidi, badilisha koili ya 2.5 uweke ya 3.3 au 4, au punguza desibeli 2 hadi 3 karibu na 200 Hz kwenye menyu ya risiva. Tungeanza na menyu, haina kulehemu.

SWALI: Rafu yangu iko sentimita 50 kutoka sakafuni. Niielekeze vipi, na niipangeje kwenye risiva?

JIBU: Twita itakuwa sentimita 60 kutoka sakafuni. Masikio ya aliyekaa yako karibu na sentimita 100, tofauti ya 40. Kwa umbali wa mita 3, gawanya 40 kwa 300 na uzidishe kwa kina cha boksi, 21.2. Jibu ni sentimita 2.8: inua ukingo wa mbele kiasi hicho kwa kabari. Kuhakiki, weka kioo kidogo bapa juu ya uso wa twita, bila kugusa koni yake, umkalishe mtu kitini. Akijiona machoni, umelenga.

Kwenye risiva, chagua spika ndogo, si kubwa, na ukate kwa 80 Hz. Ukiona wufa zinahangaika kwenye vishindo, panda hadi 100. Umbali upime kwa tepu kutoka uso wa spika hadi kitini na uuandike ulivyo; sentimita 34 za kosa ni milisekunde moja. Kisha cheza sauti ya majaribio ya risiva, spika moja moja, na ulinganishe usomaji wa kipima sauti kitini, desibeli 75 kwa kila moja. Programu ya simu inatosha kwa kazi hii, kwa sababu unalinganisha tu. Baada ya hapo una ruhusa ya kuongeza ya kati desibeli 1 au 2. Ikihitaji 5, rudi kwenye swali la pipa.

Ukitumia maikrofoni ya risiva kujipanga yenyewe, isimamishe juu ya stendi kwenye usawa wa masikio. Ukiiweka juu ya mto wa kiti inapima mto. Na ikimaliza, ingia menyu tena uangalie, maana mara nyingine huamua kwamba spika hii ni kubwa na kuirudishia besi yote.